JUU YA NINI UNATUKATAZA MTELEZO?



Mwezi uliopita wadogo wa mwaka wa pili walinijia nyuma ya jiko, wakiwa kundi zima, wakaniuliza: « Kapita, juu ya nini unatukataza mtelezo? Batu ba Marekani banashuka mu maji makali kupita yetu, na batu banabapigia makofi. Sisi tunapewa azabu ya kukata majani! » Kapita anaweza kujibu « imekatazwa », na maneno yamekwisha. Lakini ulizo lao lilikuwa la akili, na ulizo la akili linadai jibu. Njo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu.

Wote tunakijua kijito chetu. Kinatoka kule juu milimani, kinapita chini ya shamba la masomo, kisha kinashuka upande wa Ziwa Tanganyika. Kuko jiwe moja laini, refu sawa kalasi mbili, na maji yanapita juu yake membamba kama nguo. Huo njo mtelezo. Mtoto anakaa juu ya bidoni, anashuka mbio, anaanguka katika kisima cha maji, anatoka akicheka. Nisiseme uongo: ni kitamu. Lakini baada ya kisima kuko ngazi tatu za jiwe, moja chini ya nyingine, na tangu ile sinema wadogo wanataka kupita kisima na kuziruka.

Sinema yenyewe niliiona mimi pia, mara nne, katika telefone ya mwalimu. Ni mto unaoitwa Green River, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Watu wanashuka ndani ya kayaki, ndio mitumbwi mifupi ya plastiki, mtu mmoja mmoja. Mashindano yao yalianza mwaka 1996, na yalikuwa yakifanywa mwezi wa Novemba. Pahali pa kuogopesha kupita pote wamepaita Gorilla. Maji yanabanwa katika mlango mwembamba wa mawe, yanaanguka, halafu yanaendelea kwa mitelezo mingine. Mtu anapita pale kwa sekunde chache tu, na vijana wetu wanapiga kelele.

Sasa, ndugu zangu, tuangalie vizuri mambo ambayo sinema haikai nayo muda mrefu. Yule mtu amevaa kofia ngumu na jile ya kuelea. Amefungwa kiunoni na nguo ya mpira inayoziba tundu la mtumbwi, maji yasiingie. Anajua kuupindua mtumbwi wake ukisimama tena akiwa kichwa chini, ufundi ambao Wainuit wa nchi za barafu waliujua zamani sana, katika kayaki zao za ngozi. Juu ya jiwe kuko mwenzake ameshika kamba, tayari kumtupia. Tena, mbele ya kushuka, walitoka wote ndani ya mitumbwi, wakatembea kwa miguu, wakayatazama maji. Wengine wakiisha kutazama wanabeba mtumbwi begani na kupita kandokando. Hakuna anayewacheka.

Kuko neno lingine. Maji ya Green River ya ile sinema yalikuwa yanatoka kwenye kizuizi cha umeme. Wenye kushuka walijua mbele ya wakati kama maji yamefunguliwa, na ni kiasi gani. Sisi, mwenye kufungua ni mvua. Inanyesha kule juu wakati hapa jua linawaka na nguo zetu ziko kwenye kamba, na baada ya muda kijito kinabadilika rangi.

Wadogo wanasema: « Ile ngazi ni fupi, haipite kimo ya muntu. » Ni kweli. Lakini maji yakianguka kwenye ngazi yanazama hadi chini, kisha yanapanda, na yale ya juu yanarudi nyuma kuelekea ngazi. Tupeni kipande cha mti pale, mtaona. Kinakwenda, kinarudi, kinazama, kinatokea, kinarudi tena. Mimi nilihesabu mara kumi na moja kabla kipande changu hakijatoka. Na mtu naye atazungushwa vile vile. Tena yale maji meupe yamejaa hewa, hayabebi mwili sawasawa na maji mazito. Unaogelea lakini unazama. Njo sababu fundi wa kayaki, akifika ukingoni, anapiga kasia pigo moja la nguvu ili pua ya mtumbwi iinuke na aangukie mbele, kupita pale maji yanaporudi. Bidoni haina pua, haina kasia, na anayeikalia hachagui pa kuangukia.

Chini ya ngazi ya tatu mawe yamelaliana. Maji yanapita katikati yao, mtu hapiti. Mita moja ya maji kwa kila upande ina uzito wa kilo 1.000. Uzito huo ukisukuma mgongoni, hata sisi wa mwaka wa sita hatuwezi kusimama.

Mnasema tena kwamba anayezunguka kandokando ni mwoga. Basi sikieni habari moja ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1877 msafara wa Stanley ulikuwa unashuka mto Kongo. Katika mwezi wa Januari, kwenye maporomoko ya Boyoma, walivuta mitumbwi katika pori, wakikata miti kufungua njia. Baadaye walifika kwenye maporomoko ya chini, kabla ya bahari. Msimamizi wa mitumbwi alikuwa Uledi, mtu wa Unguja, msemaji wa Kiswahili kama sisi, ambaye alikuwa amekwisha kuokoa watu wengi katika maji. Tarehe 3 Juni walikuwa karibu na maporomoko ya Massassa. Kijana Mwingereza, Frank Pocock, alikuwa na vidonda miguuni, hakuweza kutembea, na hakutaka kungoja kubebwa. Uledi alikwenda kuyatazama maji, akarudi, akasema hayapitiki. Pocock akawaambia wanaogopa. Wale watu walisikia haya, wakaingia katika mtumbwi. Maji yakaumeza. Uledi aliokoka, Pocock alikufa pale.

Mimi nawaza juu ya Uledi kila mara ninaposikia « kapita iko na woga ». Yeye alikuwa na macho ya kuona, na alisema alichoona. Neno moja la kucheka lilishinda macho yake. Vijana tunakufa mara nyingi kwa neno kama lile.

Wengine watajibu: « Sisi tumekizoea kijito, tunajua kila jiwe. » Hata wale wa Green River walijua kila jiwe. Mwezi wa Septemba 2024 tufani iliyoitwa Helene ilileta mafuriko, mawe makubwa yakahama, na mabingwa wakalazimika kujifunza mto wao upya. Na sisi watu wa upande huu tusisahau Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipoingia katika Uvira na kuchukua nyumba na watu. Mawe yaliyoshuka siku ile yalikuwa yamekaa kule juu miaka mingi, na watu walikuwa wanayajua.

Katika kundi lile nyuma ya jiko alikuwamo mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye hakusema kitu mbele ya wenzake. Usiku, mbele ya taa kuzimwa, alikuja kwenye kitanda changu, akaniuliza polepole: « Yaya, na weye ukiisha kwenda, nani atatukataza? » Sikulala vizuri. Kijana mmoja wa kijiji chetu alikwenda na maji kama haya miaka mitatu iliyopita, na mama yake mpaka leo hapiti njia ya mtoni.

Mwezi wa sita, Mungu akipenda, nitafanya mtihani wa Serikali na kutoka. Katazo langu litatoka pamoja nami. Kwa hiyo nilimwendea Bwana Prefe, na tumepatana hivi. Wakati wa jua, maji yakiwa meupe na mbingu ya milimani ikiwa safi, wanafunzi wanaweza kucheza kwenye mtelezo siku ya Posho baada ya kazi, mwalimu mmoja akiwapo. Kwenye ngazi, hakuna mtu, siku yoyote. Wakati wa mvua, hakuna mtu popote. Na kila mara wawili watasimama kando ya kisima na kamba.

Kamba iko tayari. Ina mita 20, imefungwa bidoni tupu mwishoni ili ielee, nayo inakaa kwa mpishi. Nimekwisha kuwafundisha watu wanne kuitupa. Nahitaji wengine sita, hasa wa mwaka wa tatu na wa nne, ambao watabaki hapa nikiisha kwenda. Anayetaka aje Posho hii saa nane, uwanjani, mbele ya jiko. Aje na mikono mikavu.

Kapita wenu, mwaka wa sita