Rangi Ileile

Gari kuukuu likianza kupauka, hamu ya kwanza ya mwenyewe ni kuligeuza sura kabisa. Mimi nilitamani buluu iliyoiva. Corolla yangu ya miaka ya 1990, aina ambayo Kampala nzima huiita Kikumi, ni nyeupe, na boneti yake ilikuwa imechubuka kwa jua. Kununua nyingine hakukuwezekana: sheria ya Uganda ya 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na magari mapya zaidi mfuko wangu hauyafikii. Nikaamua kuipiga rangi mwenyewe, uani kwangu, mtaa wa Ntinda.

Fundi aliyenikodisha kompresa aliniambia, "Ssebo (bwana), baki na nyeupe." Maneno hayo yaliniokolea fedha kuliko punguzo lolote. Ukibadilisha rangi utaifuata kila pembe, kingo za milango, ndani ya buti, chini ya boneti, la sivyo ya zamani itachungulia kila mlango ukifunguliwa. Ukibaki na ileile, unashughulikia palipoharibika tu.

Nimelitafakari sana hilo. Wengi wetu tukitaka kujirekebisha, tunataka kwanza kuwa watu wengine, na gharama inatushinda njiani. Palipooza ni padogo kuliko tunavyodhani.

Lakini hapo padogo panadai kazi. Gari huoshwa kwa sabuni kwanza, maana msasa ukipita juu ya mafuta huyatawanya, na rangi mpya huota vishimo. Kutu hukwanguliwa hadi bati ling'ae. Halafu puti, msasa mkavu, praima, kisha msasa wa maji, namba 400 na 600. Hapa uhaba wa fedha haukuwa kikwazo: msasa ni rahisi, kinachotakiwa ni mkono na subira. Nilifumba macho nikapapasa, na kiganja kikagundua mabonde ambayo jicho liliyapita. Mng'ao hauzibi bonde, huliweka wazi.

Rangi niliipuliza asubuhi umande ulipokwisha kukauka, kabla boda boda hazijatimua vumbi, uwanja nimeumwagia maji, vioo nimevifunika kwa kurasa za gazeti la Bukedde.

Jambo moja sikulifanyia ubahili. Rangi nyingi za kuchanganya na hadina, yaani kigumishi, huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mpulizaji pumu, na leso puani haiizuii. Uani kwangu wanacheza watoto wa majirani. Nilichukua rangi isiyohitaji hadina, ingawa haidumu sana, na bado nikavaa barakoa ya vichujio. Inaniuma kuwaona vijana gereji wakipuliza siku nzima na kitambaa tu usoni. Bei tunayopatana nao huhesabu rangi, thina na puti. Mapafu yao hayamo.

Basi ndugu msomaji, ukimpelekea kijana gari lako alipige rangi, muulize kwanza anavaa nini puani. Kama hana barakoa ya vichujio, mnunulie kabla hujanunua kopo la rangi.