Isnadi ya Bunduki

Mizani ya ami yangu ilikuwa na sahani mbili za shaba, na mawe yake ya kupimia yalikuwa riale za Maria Theresa. Kila moja ina gramu 28 na ushei, zote zina mwaka 1780 hata zile zilizopigwa zaidi ya miaka mia baadaye, na wazee wa Matrah, huku Omani, waliziamini kuliko jiwe lolote lenye muhuri. Mbele ya mizani hiyo, mwaka 1981, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza bunduki ya kale ikitiwa bei. Nilikuwa na miaka 19. Tulikuwa tumetoka Unguja miaka saba nyuma, na kazi yangu dukani ilikuwa kufuta vumbi, kupika kahawa na kunyamaza wakubwa wakizungumza.

Bunduki yenyewe ilikuwa abu fatila, yaani baba wa utambi: gobori la zamani ambalo baruti yake huwashwa kwa utambi unaofuka. Kitako chembamba kama mguu wa paa, kasiba ndefu, na kasiba hiyo imefungwa kwenye mti kwa pete pana za fedha, moja baada ya moja mpaka karibu na mdomo. Mdeki wake ulikuwa bado uko mahali pake. Mzee aliyeileta alishuka nayo kutoka milimani, na alipokaa tu akaanza kueleza: ilikuwa ya babu yake, ilikwenda vitani, ikarudi bila mwenyewe. Ami alimsikiliza kwa adabu, akammiminia kahawa, kisha akasema, "Ndugu yangu, mizani haina masikio." Akachukua koleo, akazivua pete zile moja moja, akazipima, akalipia fedha. Mti na chuma mzee hakuvitaka tena. Vilikaa nyuma ya mlango wetu karibu mwaka mzima, watoto wakivichezea, mpaka siku moja nikatazama sikuviona.

Wakati ule sikuona ubaya wowote. Mafuta yalikuwa yameleta pesa, wanawake wakiuza fedha zao wanunue dhahabu, na kila kilichokuwa na fedha ndani yake kilikwenda kwenye tanuri kwa uzito wake: vikuku, hirizi, ala za majambia, pete za bunduki. Ami alikuwa mtu wa haki. Alikuwa na kipimo kimoja na alimpimia nacho kila mtu sawasawa. Lakini leo nikiulizwa gobori lile lilikwenda vita gani, sina jibu, na mtu wa mwisho aliyejua aliyasema hayo mbele yangu huku mimi nashughulika na buli.

Kufikia miaka ya 1990 soko liligeuka kabisa. Watalii walikuwa wanashuka Matrah, na watu wa Dubai na Kuwait wanakuja kutafuta vitu vya wazee. Bunduki zikaanza kuuzwa nzima. Zilizokuwa nyingi ni Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza tangu 1871, ile yenye mkono chini ya kifyatuo: ukiuvuta, kinywa kinafunguka, unatia risasi moja, unaufunga. Hazikufika Omani kwa bahati. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, zama za Sultani Faisal bin Turki, Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha. Bunduki zilishushwa bandarini zikavushwa ng'ambo ya Makran, nyingi zikaishia Afghanistan, mpaka Waingereza walipoibana biashara hiyo na ghala la serikali likafunguliwa mwaka 1912. Zilizobaki zilibaki majumbani mwa watu, zikapigwa hewani harusini na siku za Idd, zikarithiwa.

Na wauzaji wakagundua jambo ambalo ami hakulijali: mgeni hulipia mdomo kuliko chuma. Kila bunduki ikapata babu.

Mimi nilinaswa mwaka 1997, katika soko la Nizwa, Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi ukiwa unaendelea mita chache kutoka tulipokaa. Muuzaji alipojua kwamba mimi ni mtu wa Unguja alibadilisha lugha papo hapo, akanisemesha Kiswahili, akanitolea Martini iliyofungwa katika kitambaa cha kijani. Akasema hii ilikuwa mkononi mwa Tippu Tip, ilitembea naye Manyema, ikarudi naye pwani. Sikuuliza swali hata moja la maana. Nilikuwa naisikia harufu ya karafuu, naliona baraza la nyumba yetu ya Mkunazini. Martini ya kawaida siku hiyo ilikuwa kama rial 200. Nililipa 900, mshahara wangu wa miezi mitatu, na nikaendesha gari kurudi Maskati huku nimeilaza kiti cha mbele kama mgonjwa.

Sikujiuliza pia jambo jingine, ambalo sasa ndilo linaloniuma zaidi ya pesa. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na ni mtu mkubwa katika historia yetu, lakini msafara wake ulibeba pembe na ulibeba watu. Kwa nini jina lake lilipandisha bei machoni mwangu badala ya kunifanya nisite?

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa bunduki, mzee wa Kibaluchi aliyekuwa na kibanda kwenye kichochoro. Aliipeleka Martini yangu mlangoni penye mwanga, akaweka kidole kwenye ubavu wa kulia ambako pana taji, herufi V.R., neno ENFIELD na chini yake 1903.

"Herufi hizi ni za nani?"

"Malkia Victoria."

"Alikufa lini?"

Nikakaa kimya. Victoria alikufa Januari 1901. Fundi akaendelea bila kuinua sauti. Herufi N katika ENFIELD ilikuwa imegeuka nyuma mbele, kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu aliyeichonga hakujua kuisoma. Aliinakili kama ua. Akanipa kitambaa cheupe nikishike nyuma ya kinywa kilichofunguliwa, nitazame ndani ya kasiba. "Hesabu mifereji." Nilihesabu mitano. Kasiba ya Martini halisi ina saba, ndiyo kazi ya yule Alexander Henry wa Edinburgh ambaye jina lake liko kwenye bunduki. Yangu ilitengenezwa kwa nyundo na tupa katika vijiji vya mafundi wa mpakani, karibu na Njia ya Khyber. "Ni kazi ya mkono mzuri," alisema, "nitakupa 60." Sikuiuza. Iko juu ya kabati mpaka leo, na kila ninapotaka kununua kitu kwa haraka huitazama kwanza.

Kutoka hapo nilianza kujifunza upya, na nilichojifunza kilinirudisha chuoni. Tulipokuwa watoto Unguja maalim alitwambia kwamba hadithi haipokewi kwa utamu wa maneno yake. Huulizwa isnadi: nani kaipokea kwa nani, walionana kweli, yupi kati yao alikuwa na maslahi ya kusema uongo. Nilikuwa nimekariri hayo tangu utotoni na siku nilipotoa rial 900 sikuyakumbuka.

Nikajiwekea desturi. Nikishaishika bunduki, kabla muuzaji hajasimulia, naomba udhuru, naandika nambari kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Hiyo ndiyo bei ya bunduki bubu: kasiba, mti, mtambo, alama. Kisha ndipo nasikiliza. Na ninaposikiliza natafuta kitu kimoja kwanza, kwamba maneno au karatasi hizo zinaisema bunduki hii na si nyingine. Barua isemayo "bunduki ya babu" inaweza kuwekwa ubavuni mwa Martini yoyote sokoni na ikakaa vizuri. Barua kama hiyo haiongezi hata baisa. Halafu naangalia iliandikwa kwa sababu gani. Hati iliyoandikwa siku ya kuuza imezaliwa na biashara. Karatasi yenye thamani ni ile ambayo mwandishi wake hakuwa na cha kuuza, aliitaja bunduki kwa kupita tu, katikati ya salamu na habari za mvua.

Hata chuma chenyewe huwa na isnadi yake, kwa anayeijua. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imegusana ncha kwa ncha, ujue bunduki iliondolewa jeshini kwa kuuzwa. Alama hiyo ni ndogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, na huwa naitafuta kabla ya kutafuta taji.

Agosti 2021 nilisoma kwamba bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid imeuzwa mnadani Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Rafiki zangu walishangaa bei. Mimi nilichoshangaa ni njia iliyoifikisha hapo. Ile ni bastola ya aina iliyotengenezwa kwa wingi mno, na nyingine kama yake huuzwa kwa maelfu. Lakini ilikuwa imeachwa kwa mwenye baa huko El Paso, na baada ya Garrett kufa mjane wake alilazimika kuidai mahakamani. Ugomvi ule uliacha karatasi. Mama yule alipokuwa anahangaika kuirudisha mali ya mumewe, alikuwa pia anaifunga bastola na jina la Garrett kwa kamba ambayo hakuna muuzaji angeweza kuisuka baadaye.

Mwaka uliofuata nikapigiwa simu na kijana wa Sharqiya, karibu na Ibra, sehemu ambazo familia nyingi zilikuwa na mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Bibi yake alitaka kuuza bunduki. Nilipoingia nilimkuta bibi wa karibu miaka 90 ameketi kwenye mkeka, na nilipomwambia masalkheri kwa lafudhi ya kwetu alinishika mkono asiuachie. "Mwanangu, wewe mtu wa mtaa gani?" Bunduki tukaisahau kwa saa nzima.

Ilikuwa Martini ya 1879. N imekaa sawa, mifereji saba, mishale miwili ncha kwa ncha. Shingo ya kitako ilikuwa imevunjika zamani ikafungwa bamba la shaba kwa misumari mitano. Niliandika mfukoni: 240. Kisha bibi akamwagiza mjukuu wake alete sanduku.

Barua ilikuwa ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, wino umekuwa rangi ya chai, tarehe ya mfunguo saba 1350, yaani karibu Agosti 1931. Baba yake bibi, akiwa Unguja, alikuwa anamwandikia ndugu yake hapa kijijini, ambaye baadaye akawa baba mkwe wa bibi. Karafuu hazina bei. Mtoto fulani ana homa. Na kwamba katika jahazi litakalotoka mwishoni mwa kusi anampelekea bunduki, asiikatae kwa sababu ya kovu, kwani bamba la shaba lina misumari mitano na haliwezi kutikisika. Jahazi lilishuka Sur, na tangu siku hiyo bunduki haikuwahi kutoka katika nyumba ile.

Hakuna aliyekuwa mashuhuri katika barua hiyo. Nilijua kwamba mnadani majina yale yasingeongeza kitu. Lakini isnadi kamili namna hiyo sijawahi kuiona tena: mkono mmoja hadi mwingine, na misumari ya kuhesabu. Nikatoa kwanza hamu yangu mwenyewe, ile iliyonigharimu Nizwa, nikakaa na hesabu mpaka chai ikapoa. Nikamwambia: bunduki na barua, rial 600.

"Bunduki chukua," alisema. "Barua ni mkono wa baba yangu."

Nilimweleza bila kuficha. Bunduki bila barua nitailipia 240, kwa sababu siku nitakapokufa atakayeirithi hatakuwa na kitu cha kuonyesha; nakala nitapiga picha, ila picha si karatasi. "Bibi, barua hii peke yake ni rial 360."

Akaikunja taratibu kwa mikunjo yake ya zamani. "Basi ninazo 360 sandukuni."

Nililipa 240. Vibali vilishughulikiwa na mjukuu, vikachukua wiki kadhaa. Bunduki iko kwangu Maskati, na barua iko kule, na nimeandika katika wasia wangu kila kimoja kiko wapi.

Kila Idd huenda Sharqiya kumwangalia bibi. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo sanduku likifunguliwa mimi ndiye ninayesoma. Naanza na salamu, napita kwenye karafuu, kwenye homa ya mtoto. Nikifika kwenye bamba la shaba huninyooshea kiganja nisimame, kisha huhesabu mwenyewe, kwa vidole: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.