Nani alimweza Idi Amin?

Kuna vitu vitatu vinavyoniudhi kuliko programu inayokwama Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati kila mtu ofisini ameshabeba begi mgongoni. Cha kwanza ni mtu anayekusimulia sinema huku mnaitazama pamoja ("ngoja uone, huyu anakufa sasa hivi"). Cha pili ni mtu anayeruka foleni. Cha tatu ni ile hotuba ya Idi Amin.

Unaijua. Ile inayodaiwa kutolewa kwenye karamu ya Malkia wa Uingereza, kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, Amin akishukuru mpaka shukrani zinageuka matusi. Zamani ilizunguka kwa barua pepe, siku hizi inazunguka kwa WhatsApp. Juzi imerudi tena kwenye kundi letu la kazini, ikafuatwa na emoji za kucheka mpaka machozi, kumi na saba (nilizihesabu). Mtu mmoja hakucheka. Ni mwenzetu anayetoka Kampala, dada mpole anayetutunzia hifadhidata. Aliandika sentensi moja tu: babu yake alichukuliwa dukani kwake mwaka 1977, na hadi leo hajaonekana. Kundi likanyamaza. Baada ya dakika tano hivi mtu akatuma matokeo ya mpira.

Basi leo naandika kuhusu Amin, sinema na kicheko. Mimi si mwanahistoria, nimesomea sayansi ya kompyuta. Lakini sinema zenye Amin ndani nimezitazama nyingi, zingine zaidi ya mara moja, na maoni ninayo. Mkikataa, kataeni kwa hoja.

Kwanza tuimalize hiyo hotuba. Kazi yangu imenifundisha swali moja la kuuliza kabla ya mengine yote: data hii imetoka wapi? Ni kweli Amin alifika London Julai 1971, miezi sita hivi baada ya kunyakua serikali, na alikula chakula na Malkia Elizabeth. Lakini hotuba inayozunguka haina tarehe wala sauti iliyorekodiwa, na kila nakala niliyoletewa ina maneno yake. Faili ambalo nakala zake hazifanani, na la asili halipatikani, mimi hulifuta. Wewe unasambaza.

Haya, sasa sinema.

Amin alianza kuigizwa akiwa bado Ikulu. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 na kupelekwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakawaokoa mateka, na wakiwa njiani kurudi walitua Nairobi. (Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda walilipia kutua huko kwa damu yao. Hilo huwa halitajwi kwenye utani.) Kabla mwaka haujaisha, Wamarekani walikuwa wameshatengeneza filamu ya televisheni, Victory at Entebbe. Mwigizaji wa kwanza wa Amin, Godfrey Cambridge, alifariki wakati wa kupiga picha, na Amin mwenyewe akatangaza kwamba hiyo ni adhabu ya Mungu. Julius Harris akachukua nafasi. Mwanzoni mwa 1977 ikaja Raid on Entebbe, na Yaphet Kotto kama Amin.

Kotto ni mwigizaji mzuri, na katika filamu ile anatabasamu mbele ya mateka kama mwenye hoteli anayeuliza kama chakula kilikuwa kitamu. Tabasamu lile nalipenda. Tatizo ni kwamba filamu zenyewe zinahusu ndege na makomando. Amin ni hali ya hewa tu: anaingia, ngurumo, anatoka. Hata ile ya 2018 juu ya tukio hilohilo, ambamo Nonso Anozie anamwigiza, haina nafasi kubwa kwake.

Kisha kuna wetu. Marehemu Joseph Olita, Mkenya, aliyefariki mwaka 2014. Filamu ni Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa hapa Kenya. Wazazi wetu waliiona, na sisi tukaiona baadaye kwenye kanda zilizochakaa mpaka picha inanyesha mvua. Kwa umbo, hakuna aliyemshinda Olita. Anapoingia chumbani unasahau kuwa huyu ni mtu wa Nyanza aliyeitwa kazini. Mira Nair naye alimtumia kama Amin katika Mississippi Masala mwaka 1991, hadithi ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda.

Lakini filamu ile ya 1981 ilimdhulumu Olita. Ilimtaka awe zimwi. Vichwa kwenye jokofu, nyama ya watu, macho yametoka. Ukishatazama unapumua, unasema, "Ah, kumbe alikuwa mnyama," unazima televisheni na kulala vizuri. Ndiyo maana siipendi, ingawa mwigizaji nampenda. Zimwi halina marafiki na halipigiwi makofi na wananchi. Amin alipigiwa. Alipompindua Obote tarehe 25 Januari 1971, watu wa Kampala walicheza barabarani, na Uingereza ikaitambua serikali yake mapema Februari. Filamu ya zimwi haiwezi kukueleza hilo.

Sasa tuje kwa Forest Whitaker, The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyompa Oscar Februari 2007. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, akajifunza na kodiani, na filamu ilipigwa Uganda kwenyewe. Lakini bidii peke yake haitoshi. Nimeona watu wakikesha wiki nzima wakaandika programu mbovu.

Alichofanya Whitaker ni kutufanya tumpende. Tazama anapokutana na yule daktari kijana wa Scotland barabarani: Amin ameumia mkono, ng'ombe analia kwa maumivu, daktari anachukua bastola na kumaliza mateso yake. Amin anakasirika, anashangaa, kisha anacheka, na mwisho anavua shati lake la kijeshi na kubadilishana na fulana ya Scotland. Dakika chache, na wewe uliyekaa kwenye kiti unatamani angebadilishana nawe. Baadaye, kila akicheka, watu wote chumbani wanasubiri sehemu ya sekunde wajue kama ni kicheko cha kuchekea au cha kukimbia. Hiyo sehemu ya sekunde ndiyo filamu nzima.

Kuna sehemu moja ambayo kila mwajiriwa wa Nairobi ataielewa. Wahindi wameshafukuzwa. (Katika historia Amin alitangaza Agosti 1972 na akawapa siku 90.) Uchumi umeharibika, dunia inamcheka, naye anamlaumu daktari kwa kutomshauri. Daktari anajitetea: nilikuambia usifanye. Amin anamjibu kwamba ndiyo, aliambiwa, ila hakushawishiwa. Nilicheka kwa sauti, kisha nikakumbuka meneja mmoja wa zamani tuliyemwambia mara tatu kwamba seva haitabeba mzigo wa mwisho wa mwezi. Ilipoanguka alituita wote na kuuliza kwa nini hatukusisitiza. Meneja hakuua mtu. Lakini mantiki ni ileile: mkubwa akikosea, kosa ni la aliyemwonya kwa upole.

Filamu ina dosari, tena kubwa. Yule daktari hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Ni sawa, riwaya ni riwaya. Lakini Kay, mke wa Amin, alikuwepo. Aliachwa Machi 1974 na akapatikana amekufa Agosti mwaka huohuo, mwili umekatwakatwa. Filamu inachukua kifo chake na kumpa kijana wa kubuni kutoka Scotland kiwe majuto yake. Hapo huwa nakunja uso. Hata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa Mahakama Kuu Septemba 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 na serikali ikadai ni ajali ya gari, wangestahili filamu zao bila mzungu wa kutuongoza mkono.

Hata hivyo, Whitaker hayuko nafasi ya kwanza. Mwigizaji bora wa Idi Amin ni Idi Amin.

Tafuta filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder, Mswisi, ya mwaka 1974. Amin aliikubali akidhani ni ya kumsifu, na muziki wake wa kodiani umo ndani. Alipogundua kuna vipande visivyompendeza alitaka vikatwe. Mwongozaji akakataa. Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda hotelini na kuwapa nambari ya simu ya mwongozaji ili wambembeleze wenyewe. Vipande vikakatwa. (Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka.) Sijui mhakiki mwingine wa sinema aliyewahi kutumia mbinu hiyo.

Ndani yake kuna kikao cha mawaziri. Amin anazungumza, anatania, anamkosoa waziri wake wa mambo ya nje, na mawaziri wanaandika kwenye madaftari kama watoto wa darasa la tatu. Muda mfupi baadaye waziri huyo, Michael Ondoga, alipatikana amekufa mtoni Nile. Ukijua hilo, kitazame tena kikao kile. Angalia nyuso zinazocheka utani wa rais. Huo ndio uigizaji ninaousema, na hauko kwa Amin peke yake. Chumba kizima kinaigiza.

Kuna na shindano la kuogelea. Rais anaruka majini, anakatiza njia za wenzake, anashinda. Washindani ni watu wazima wenye misuli, na hakuna anayelalamika. Hapa ndipo kero yangu ya pili inaingia. Yule jamaa anayepanda kando ya barabara na gari kubwa wakati sisi tumekwama kwenye msongamano, au anayepita foleni ya benki akimpungia mkono askari, anafanya jambo dogo sana. Ila mtazame askari. Anacheka na kufungua mlango. Watutazame na sisi: tunasonya kimyakimya na kuinamia simu. Sisemi kila anayeruka foleni ni Amin. Nasema sisi tulio kwenye foleni tunajifunza mapema jinsi ya kuwa wale waogeleaji.

Ndiyo maana ile hotuba ya uongo inaniudhi. Inasema Amin alikuwa mjinga asiyejua Kiingereza. Kama alikuwa mjinga tu, basi miaka minane ya utawala wake haihitaji maelezo, wala waliomtambua na kumpigia makofi hawana cha kujibu. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 500,000, na 300,000 ndiyo idadi inayotajwa zaidi. Mjinga peke yake hafanyi hayo. Kuchekesha ilikuwa sehemu ya silaha zake, na dunia ilipokuwa ikishika mbavu kwa vituko vyake, watu walikuwa wakiingizwa kwenye buti za magari.

Tena Kiingereza si lugha pekee katika hadithi hii. Mwenzetu wa Kampala anaelewa Kiswahili chetu chote, hata Sheng, lakini anatujibu kwa Kiingereza, na watu ofisini wanamtania kwamba Waganda hawajui lugha. Nilipomuuliza alisema nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Hapo nikaelewa. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu wakoloni, na Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Sisi tulikipata kwa mama, shuleni na redioni. Wengine walikipata kwa mtu mwenye bunduki akidai kitambulisho. Baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kiwe lugha rasmi Julai 2022, nami nilifurahi, lakini hatuwezi kuwadai wakipende kwa amri. Tukitaka wakipende, tuanze kwa kuacha kuwatania.

Na nani alimweza Amin nje ya sinema? Jeshi lake lilivamia Kagera mwishoni mwa 1978. Nyerere akasema uwezo, sababu na nia vipo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Askari wale wa Tanzania waliingia wakizungumza Kiswahili kilekile. Amin alikimbia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hajasimama mbele ya hakimu hata siku moja. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba walimweza nusu.

Alama zangu basi: Kotto 6, Olita 8 kwa uigizaji na filamu yake 3, Whitaker 9. Amin mwenyewe simpi alama, maana waliomtazama hawakuwa na hiari ya kuondoka ukumbini.

Ukiwa na jioni mbili, anza na ya Schroeder, kisha ya Whitaker, kwa mpangilio huo. Usiangalie rais tu. Tazama wanaocheka karibu naye, mmojammoja, na ujiulize wewe ungekaa kiti kipi.