Lifti ya Pikipiki Si Mambo ya Matajiri

Kwa simu yangu kuna video moja ambayo sitawahi kuiposti. Khocha, yaani mjomba wangu, amechuchumaa mbele ya Boxer ya mteja. Gurudumu la mbele limetolewa, anafungua shokapu zinazovuja mafuta. Pikipiki iko kwa stendi kubwa, na chini ya injini kuna kreti ya soda. Halafu sauti yangu inasikika: "Khocha, inua kidogo basi, hayo mafuta hayaonekani kwa kamera." Anacheka, anachukua tofali la udongo, analiweka juu ya kreti. Muda si muda, tofali linapasuka.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivunjika. Mkono wa fundi, wasee. Na yote ni kwa sababu nilitaka video safi.

Ndiyo maana leo naongea juu ya lifti ya pikipiki. Najua kuna wale watasema hizo ni mambo za watu wa Nairobi wenye garaji ya tailsi na pikipiki ya milioni. Tulia kwanza, nisome mpaka mwisho.

Kwetu ni Lugulu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Hapa pikipiki ndiyo inakimbiza mgonjwa hospitalini usiku, ndiyo inabeba sanduku la msichana siku ya kufungua shule, na ndiyo inatoa mahindi shambani. Khocha alikuwa mekanika Pan Paper kule Webuye. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2009, alirudi nyumbani na sanduku la spana. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imeondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na boda zikaanza kujaa kila steji. Akaezeka mabati nyuma ya nyumba, kazi ikaanza. Tangu hapo amekuwa akitengeneza pikipiki akiwa amechuchumaa. Jioni akitaka kusimama, lazima ashike ukuta kwanza.

Sisi huona hivyo ni sawa. Tunasema fundi wa ukweli hachagui mahali pa kazi. Tunampiga picha amelala kwa vumbi, tunaandika "hustle", tunaweka moyo mwekundu. Lakini hakuna mtu huuliza huo mgongo utakuwa aje akifika miaka sitini. Kwa maoni yangu, hiyo sifa ni njia yetu ya kukwepa kumnunulia fundi vifaa.

Basi nikaanza kutafuta lifti. Ya kununua niliyoiona mtandaoni ilikuwa zaidi ya Sh70,000, kabla ya usafiri. Na hata ningekuwa na hiyo pesa, ilikuwa imetengenezewa pikipiki kubwa za zaidi ya kilo 300, tena ina magurudumu madogo yanayotaka sakafu laini ya simiti. Sakafu yetu ilikuwa udongo. Mvua ya Bungoma ikinyesha siku mbili, hiyo lifti ingezama kama ng'ombe mtoni.

Nikamwambia Khocha tujenge yetu. Nilikuwa nimeangalia video kama ishirini, nikajiona injinia. Nikamchorea: fremu ya chini, fremu ya juu, miguu minne ya kuziunganisha, na jeki katikati ya kusukuma. Aliangalia mchoro huku bandeji ikiwa bado mkononi. Akaniuliza swali moja tu: "Jeki ikichoka, nani anashika?"

Sikuwa na jibu.

Akanieleza. Jeki ya mafuta inainua, lakini haiaminiki kwa kushikilia. Sili ikizeeka, mafuta yanapenya polepole na mzigo unashuka bila kukuomba ruhusa. Kule kiwandani, alisema, ukishainua kitu unaweka chuma cha kukishikilia ndipo uingize mkono. Kwa hivyo lifti yetu lazima iwe na pini nene inayopita kwa matundu ya fremu na kuifunga ikiwa juu. Jeki inainua, pini inashika. Nikaanza upya.

Mchoro wa pili tuliupeleka kwa welda wa Webuye. Sikuchomelea mwenyewe, na hata wewe usijaribu kama hujasomea. Jointi inaweza kupendeza kwa macho na ndani haijashikana. Welda naye akatufunza kitu: miguu ikiwa imelala chini kabisa, jeki hulazimika kusukuma kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wa pikipiki. Ndiyo maana pikipiki ya kilo mia na kitu tuliiwekea jeki ya tani nne, na miguu tukaiacha na mwinuko kidogo hata lifti ikiwa chini.

Fremu ya chini ikafanywa pana kuliko ya juu, ndiyo isipinduke ukivuta spana kwa nguvu. Mbele kuna chuma cha kubana gurudumu. Pande mbili kuna pete za kufungia pikipiki, na hapo tulikatazwa kutumia mpira wa kufungia mizigo, ule tunaokata kwa tyubu kuukuu. Mpira unavutika. Pikipiki ikianza kuanguka, mpira utaifuata tu. Tulinunua mikanda isiyovutika.

Vyuma, welda, jeki, mikanda, na mfuko wa simiti wa sakafu, jumla ilikuwa Sh24,500. Nilitoa akiba ya simu mpya niliyokuwa naitamani. Simu ya zamani ndiyo bado natumia, na video zangu bado ziko sawa, ama?

Siku ya majaribio hatukuweka pikipiki. Tulipanga magunia mawili ya mahindi, kilo 90 kila moja. Tukainua, tukaweka pini, halafu Khocha akafungua mafuta ya jeki kabisa. Watoto wote wa boma walikuwa wameambiwa wakae mbali. Lifti ikalia "krrk", ikatulia juu ya pini. Tukayaacha magunia hapo hadi asubuhi. Kukhu akauliza kama mahindi yamekuwa wafalme.

Vidole vya Khocha vilipona, ila kimoja hakikunji vizuri mpaka leo. Akishika nati ndogo, lazima atumie mkono wa kulia. Hilo halitarudi, na siwezi kulifuta kwa lifti. Lakini sasa anafanya kazi akiwa amesimama, injini ikiwa karibu na kiuno chake. Jioni anafunga garaji na kuingia nyumbani bila kushika ukuta.

Najua si kila fundi ana mpwa mwenye akiba. Lakini steji moja ina madereva wangapi? Wakichanga kidogo kidogo, wananunulia fundi wao lifti moja ambayo itahudumia pikipiki zao zote. Tunachangia harusi, tunachangia matanga. Mgongo wa mtu anayetengeneza breki zetu pia ni wa kuchangiwa.

Na nyinyi wenzangu wa kushika kamera: ukimrekodi mtu akiwa kazini, usimwambie asogeze chochote. Sogea wewe.

Tayari kuna wasee wananiuliza mchoro. Nitawapa, bure kabisa. Lakini kabla ujaze hiyo inbox yangu, jibu swali la Khocha kwanza: jeki ikichoka, nani anashika?