Kura ya wale wasiokuwepo



Katika somo la uraia mwalimu aliandika ubaoni aina za serikali: ufalme, utawala wa mtu mmoja, utawala wa waaskari, demokrasia. Tukakopi yote. Halafu mwenzetu mmoja akainua mkono: "Mwalimu, sisi watu wa Beni na Butembo, tuko ndani ya ipi?" Tukacheka. Mwalimu yeye hakucheka.

Akatukumbusha. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne mbele ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo watangoja mpaka Machi 2019, juu ya Ebola na usalama mdogo. Lakini soko na makanisa vilikuwa wazi! Tarehe 30 watu wa Beni wakajitengenezea kura yao wenyewe: wakapanga mstari, wakanawa mikono, wakatia karatasi katika sanduku. Kura ile haikuhesabiwa. Raisi mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019. Wazazi wetu walichagua wadeputé tu, tarehe 31 Machi. Kisha, tarehe 6 Mei 2021, état de siège ikaanza, na gavana akawa mwanajeshi.

"Basi," akasema, "demokrasia haipimwi kwa jina lake. Muangalie ni nani anaachwa inje siku ya kuchagua."

Neno lile lilituchoma. Juma lililotangulia tulikuwa tumechagua shefu wa darasa. Siku ile wenzetu 11 walikuwa nyumbani kwa kukosa feza ya masomo. Sisi tukasema: "Tusiwangoje, tutachelewa." Waliporudi walikuta shefu amekwisha kukaa. Mmoja akajibu tu: "Haizuru, tumezoea."

Tena tarehe 20 Desemba 2023 Beni na Butembo walipiga kura, lakini sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru hawakupiga, juu ya vita. Nani kati yetu alilia kwa ajili yao? Kuachwa kunauma wakati ni sisi. Wakati ni wengine, tunaita ni utaratibu.

Tuliomba ruhusa, tukarudilia kura siku wote walikuwepo. Shefu ni yule yule, lakini safari hii alishinda kwa kura mbili tu. Sasa hata wale 11 wanamwita "shefu wetu". Mbele walimwita "shefu wenu".

Wanafunzi wa mwaka wa tatu