Dakika za Usingizi

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimemsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa bado ngazini, naelekea wodi ya watoto, mlio ukanifikia: mtoto anavuta hewa kwa kukoroma, kama maji yanayopita kwenye bomba lililoziba. Ana miaka miwili na miezi saba. Mama yake amemleta kwa basi kutoka upande wa Lindi. Akilia, machozi yanatiririka lakini sauti haitoki. Mama anasema amekuwa hivyo tangu alipotimiza mwaka.

Kwenye karatasi zake pumu imeandikwa mara nne, na dawa za kupuliza amepewa mwaka mzima. Pumu hupiga filimbi mtoto anapotoa hewa. Huyu anahangaika anapovuta. Kizuizi kiko juu, kwenye zoloto. Daktari wa koo amepitisha kamera nyembamba puani na kukuta vinyama vimejaa juu ya nyuzi za sauti kama shada la zabibu mbichi. Ni papiloma. Alhamisi atavinyofoa, na mimi ndiye wa kumlaza kwa dawa ya usingizi.

Jumatano, 6 Machi, usiku

Usingizi umenipaa. Naipitia kesho hatua kwa hatua.

Dawa ya kulegeza misuli sitampa. Nikimpa, pumzi yake inakatika, na nisipouona upenyo katikati ya vile vinyama sina pa kupitishia mpira. Atalala huku akijivutia hewa mwenyewe. Tukipotea, mmoja wetu atambonyeza kifua taratibu: pale povu litakapochomoza ndipo njia ilipo. Kumtoboa shingo ni hatua ya mwisho kabisa, maana tundu la shingoni linaweza kuvialika vinyama vishuke chini zaidi, kwenye bomba la hewa.

Mchana nilimchorea daktari mwanafunzi hesabu. Njia ya hewa ya mtoto mchanga, upana wake milimita 4. Ukuta ukivimba milimita 1 kuzunguka, unabaki upana wa milimita 2. Eneo limebaki robo, na ugumu wa kuvuta hewa umepanda mara 16. Alirudia kuikokotoa mwenyewe pembeni ya daftari, kisha akaniomba kesho awepo.

Nimechagua halotheni. Ni dawa ya zamani. Michael Johnstone aliianza kwa wagonjwa huko Manchester mwaka 1956, na nchi tajiri zimeshaiacha kwa sababu ya madhara yake kwenye ini na mapigo ya moyo. Wamehamia sevofluleni, inayolaza na kuamsha upesi, na kwa watoto wengi hata mimi naipenda ikipatikana. Ila kwenye koo lililoziba ule wepesi unanitia hofu. Barakoa ikiondolewa ili daktari atazame, sevofluleni inatoka mwilini haraka. Mtoto anazinduka nusunusu, na zoloto linajifunga kwa ghafla. Halotheni hukawia kuondoka. Kesho huko kukawia ndiko ninakokuhitaji, na macho yangu hayatabanduka kwenye mstari wa moyo.

Alhamisi, 7 Machi

Dakika 52. Ilibidi kubonyeza kifua mara moja, na povu likatokea upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepategemea. Nilinyunyiza ganzi ya lignokeini kwenye nyuzi za sauti, tukampa deksamethasoni ya kuzuia uvimbe. Oksijeni ilishuka hadi 84, nikasimamisha kazi, nikarudisha barakoa, ikapanda.

Alipoamka alilia. Kilio kikavu, chenye mikwaruzo, lakini kilisikika hadi nje. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akamuuliza muuguzi, "Huyo anayelia ni wangu?"

Jumamosi, 9 Machi

Nimekaa na mama kitandani kwa mtoto. Nimemwambia bila kuficha kwamba vinyama vitarudi. Chanzo ni virusi vya HPV, aina ya 6 na ya 11, ambavyo mara nyingi mtoto huvipata wakati wa kuzaliwa. Aliinamisha kichwa. Mama mkwe, aliyekuja naye, alikuwa anatusikiliza, nami nikageukia kwake makusudi. "Bibi, virusi hivi wanavyo watu wengi sana, wanawake kwa wanaume, na wengi hawajui kama wanavyo. Mkweo hakukosa." Bibi akaitikia kwa kichwa. Sijui kama imeingia, ila alichukua zamu ya kumbeba mtoto.

Kisha mama akaniuliza lile ninaloulizwa mara chache na kuliwaza kila siku: "Daktari, hizi dawa za usingizi, zikirudiwarudiwa, hazitamharibu akili?"

Nimemwomba anipe hadi Jumatatu. Sikutaka kumjibu kwa kumtuliza tu.

Jumapili, 10 Machi

Siku nzima na makala mezani.

Hofu ilikua mwaka 2003, watafiti wa Marekani walipowalaza watoto wa panya wa siku saba kwa saa sita kwa mchanganyiko wa dawa, wakakuta seli za ubongo zimekufa na panya hao wakajifunza kwa shida walipokua. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo: tahadhari kwa walio chini ya miaka mitatu, wakilazwa zaidi ya saa tatu au mara nyingi.

Upande wa pili upo utafiti wa GAS, ninaouheshimu kuliko yote kwa namna ulivyopangwa. Watoto wachanga 722 wenye ngiri, nchi saba. Kura ndiyo iliyoamua nani alazwe kwa sevofluleni na nani apigwe sindano ya ganzi mgongoni akiwa macho. Walipofika miaka mitano wakapimwa akili, na tofauti haikuonekana. Jibu zuri, la kweli. Lakini ni la mtoto aliyelazwa mara moja, kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida.

Wangu yuko wapi hapo? Nimempata kwa mbali katika utafiti wa Minnesota wa mwaka 2018: watoto 997, na 206 kati yao walilazwa zaidi ya mara moja kabla ya miaka mitatu. Kipimo cha akili kwa jumla hakikushuka. Waliorudia walikuwa wazito kidogo katika kasi ya kufikiri na kazi ndogondogo za vidole, na wazazi wao walitaja shida zaidi za kusoma. Hao 206 nimewasoma mara tatu. Watoto wa papiloma hulala mara kumi, ishirini, wengine zaidi, na mara nyingi wanaingia damu yao ikiwa tayari imepungukiwa oksijeni. Anayehitaji jibu kuliko wote ndiye asiyetosha kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemweleza yote, hata vile vidole. Nikamwambia kukosa hewa kunadhuru ubongo kwa hakika, na dawa ni shaka tunayoipunguza kwa kufupisha muda. Nimefungua daftari la papiloma: tarehe, dawa, kipimo, oksijeni ya chini kabisa, dakika. Na kila mara nitamwambia yeye dakika zake.

Alhamisi, 4 Aprili

Mara ya pili. Dakika 47, oksijeni haikushuka chini ya 92. Mama alikuwa amefunga, nikamtafutia tende za kufuturia.

Ana miaka 22. Chanjo ya HPV ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14. Yeye alikuwa na 16. Australia walianza mwaka 2007 kwa chanjo yenye aina ya 6 na ya 11 ndani yake. Mwaka 2012 waliwaandikisha watoto saba wapya wenye papiloma, mwaka 2016 mmoja. Miaka miwili tu imemkosesha mama huyu chanjo, nami inaniuma kila nikimtazama.

Jumatatu, 6 Mei

Ilikuwa siku yao ya kurudi. Kimbunga Hidaya kimepita, na barabara ya kusini imekatika Somanga. Mama amepiga simu. Nilimwambia aiweke simu karibu na kinywa cha mtoto. Nikahesabu pumzi: 44 kwa dakika, na mkoromo umerudi. Nimewaelekeza wakae hospitali iliyo karibu nao, penye oksijeni. Nimezungumza na mganga wa huko: deksamethasoni, asilazwe chali, asilizwe.

Jumamosi, 11 Mei

Wamefika usiku wa kuamkia leo, nguo zina matope hadi magotini. Hatukungoja Jumatatu. Dakika 61, vinyama vingi kuliko mara ya kwanza. Daktari mwanafunzi ndiye aliyeliona povu kabla yangu.

Jioni nilikwenda wodini. Mtoto ameketi, anakula uji, anamwita bibi yake kwa sauti ya mikwaruzo.

"Leo ngapi, Daktari?"

"Sitini na moja."

Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki. Nyuma yake, kwa kalamu ya bluu, zimeandikwa 52 na 47. Akaandika 61 chini yake, akapiga mstari, akajumlisha.