Maradhi Yangu ya Siku Moja

Haya nitakayokusimulia yalinifika Thailand mwaka 2014, nilipokuwa nikisomesha Kiingereza katika skuli moja kaskazini ya Bangkok. Nakusimulia kwa kuwa huenda nawe una mwana au ndugu aliyesafiri kutafuta riziki katika nchi za watu, na mfano wa haya utamfika.

Uskauti kule si jambo la wachache waupendao, kama tulivyozoea huku kwetu. Ni somo lenye kipindi chake kila wiki, na wakati ule, siku hiyo watoto walikuwa wakija na sare kutwa, skafu shingoni. Aliyeuanzisha ni Mfalme Vajiravudh, aliyesoma Uingereza, na siku yenyewe ni tarehe 1 Julai 1911. Miaka 4 tu baada ya kambi ya mwanzo ya Baden-Powell, yule ambaye kaburi lake liko Nyeri. Maskauti wao huitwa watoto wa chui-milia, na wito wao maana yake ni hii: poteza uhai, usipoteze ukweli wako.

Mimi nilitiwa humo kwa sababu ya kamba. Mwalimu kiongozi wa maskauti, mama mmoja mtu mzima, aliniona nikifunga turubai kwa fundo la mabaharia, nami nimekulia penye majahazi. Akanivisha skafu, akanikabidhi watoto 30 niwafunze mafundo. Kithai sikukijua ila cha sokoni, lakini kamba haitaki mkalimani.

Miongoni mwao alikuwamo mtoto mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walihamia kutoka Narathiwat, huko kusini karibu na mpaka wa Malaysia. Kila asubuhi saa mbili bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa, kisha watoto hukutanisha viganja wakasoma dua za Kibuddha. Yeye husimama safuni kimya, mikono chini, wala sikumsikia mtu akimsema.

Basi ikakaribia tarehe 1 Julai, siku ambayo maskauti hurudia kiapo chao mbele ya picha ya yule mfalme. Nikaambiwa kwamba walimu viongozi watatangulia mbele, wawashe mishumaa na vijiti vya udi, kisha wainame. Moyo ulinidunda, msomaji. Zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani, nami nimefunga. Ningeliweza kusema. Lakini kibali changu cha kazi kilitegemea skuli ile, na nyumbani kuna wadogo zangu niliokuwa nikiwalipia ada. Na nikikwambia kweli yote, hilo la kibali halikunitisha sana. Niliogopa zaidi kuonekana mgeni asiye na adabu. Asubuhi ile nikamwambia yule mama: tumbo linaniuma.

Akaniambia nikapumzike. Nikaketi kivulini nikiwatazama wanavyoapa kuwa waaminifu kwa taifa, dini na mfalme. Kiapo hakitaji dini ipi, kila mtoto huapa na yake moyoni. Mtoto wangu wa mafundo akainua vidole vitatu kama wenziwe, akaapa kwa sauti. Wenziwe walipoinama, yeye akasimama mikono chini.

Shughuli ilipokwisha, yule mama akanijia kwa haraka na glasi ya maji ya moto na vidonge viwili. Nikavipokea. Yule mtoto alikuwa karibu akikunja kamba. Akamwambia mwalimu wake, nami nilifahamu, kuwa mimi nimefunga. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha vipande: "Mwalimu, kama u mgonjwa, mbona hufungui?"

Wallahi hakuwa akinisuta. Ndivyo alivyofunzwa kwao, kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Lakini mimi nilikaa na glasi mkononi, ama nifungue kwa maradhi yasiyokuwepo, ama niseme mbele yake kuwa nimesema uongo. Na sote tumesikia darasani aliyoyasema Mtume (s.a.w.) juu ya mfungaji asiyeacha maneno ya uongo.

Nikasema. Nilisema vibaya, kwa lugha mbili zilizochanganyika, na jasho likinitoka. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanyosha mkono kumwonesha mtoto.

"Si ungesimama tu kama yeye?"

Alikwisha kuwasomesha Waislamu kabla mimi sijafika. Akaichukua glasi yake, akayamwaga yale maji penye maua, akaenda zake. Hakukasirika, lakini kwa muda wa wiki nzima hakunitania kama alivyozoea, na hilo liliniuma kuliko tumbo lolote. Mtoto naye aliniletea kamba yake nimkagulie fundo, kama kwamba hapakuwa na neno.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai iliangukia tena Ramadhani. Yule mama mwenyewe ndiye aliyenipanga, pembeni ya safu, karibu na mtoto yule ambaye sasa kimo chake kilikuwa kimenifika begani. Wenzetu wakainama. Sisi tukasimama, mikono chini, mvua ikianza kunyesha.